Litografia isiyo na maji: jiwe halimo, maji hayamo, kimebaki nini?

Kurasa hizi zimezoea kuhakiki diwani, riwaya na kanda za taarabu. Safari hii tunaomba mtuvumilie, kwani tunataka kuhakiki kitu kisicho na jalada wala mwimbaji, nacho ni namna moja ya kupiga chapa picha. Wanne kati yetu tulijiandikisha msimu wa baridi uliopita katika darasa la Jumamosi, hapa kwenye nyanda za magharibi ya Kanada, tukajifunze kile kinachoitwa litografia isiyo na maji. Tulikwenda Jumamosi kumi, theluji ikiwa magotini. Tulirudi na chapa zaidi ya thelathini, nusu yake zikaishia pipani. Tulirudi pia na ugomvi mmoja ambao mpaka leo haujatulia, nao unahusu nukta moja katika barua moja ya zamani. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya ugomvi huo. Lakini hauwezi kueleweka mpaka kwanza tueleze kazi yenyewe inavyofanyika, na kwa nini sisi watu wa pwani tunapaswa kuijali.

Tuanze na mwenye jiwe. Alois Senefelder alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza mjini Munich, Ujerumani, na kama watunzi wengi hakuwa na fedha za kuwalipa wachapaji. Mnamo mwaka 1796 alianza kujaribu kuchapa kwa kutumia mawe ya chokaa ya Bavaria. Husimuliwa kwamba siku moja aliandika orodha ya nguo za dobi juu ya jiwe kwa wino wa mafuta, kwa sababu hakuwa na karatasi karibu, na hapo akili ikamfunguka. Hata kama hadithi hiyo imetiwa chumvi, kanuni aliyoigundua katika miaka michache iliyofuata ni ya kweli na ni nyepesi: mafuta na maji hayapatani. Unachora juu ya jiwe kwa kalamu yenye mafuta. Unalipaka jiwe gundi ya mgunga iliyotiwa asidi kidogo. Kisha kila unapotaka kuchapa, unalilowesha jiwe kwa sifongo. Maji hukaa pale pasipochorwa, na wino wa mafuta hukaa pale palipochorwa. Hakuna kuchonga wala kuchimba. Uso wa jiwe ni tambarare, na kazi yote inafanywa na uadui wa vitu viwili.

Ugunduzi huo ulipofika nchi za Waislamu ulipokewa kwa mikono miwili, na sababu yake inatuhusu. Herufi za Kizungu zinasimama mbalimbali, kwa hiyo kuzimwaga katika risasi na kuzipanga moja moja si taabu kubwa. Herufi za Kiarabu zinashikana mikono, zinabadili umbo mwanzoni, katikati na mwisho wa neno, na juu yake kuna nukta na irabu. Kuzitengenezea vipande vya risasi kulihitaji mamia ya vipande, na matokeo mara nyingi yalimchukiza msomaji aliyezoea mkono wa katibu. Jiwe liliondoa taabu hiyo. Katibu aliandika kama alivyozoea, na mkono wake ukachapwa kama ulivyo. Ndiyo maana Bara Hindi lilijaa mitambo ya mawe katika karne ya 19, na vitabu vingi vya dini vilivyosomwa katika vyuo vya pwani yetu vilitoka Bombay na Misri. Hata neno letu lenyewe, "chapa", asili yake ni Bara Hindi. Na Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliusimamisha mtambo wake wa uchapaji karibu na mwaka 1880, wakati ambapo wasomi wa pwani walikuwa wamekwisha kuzoea kitabu kilichochapwa kutoka ng'ambo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenye nafasi zao. Babu zetu walisoma chapa za mawe kabla baba zetu hawajazaliwa.

Sasa hii "isiyo na maji" imetoka wapi? Ilianza viwandani. Kampuni ya 3M ya Marekani ilijaribu mabati ya aina hiyo kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha Toray ya Japani ikaichukua kazi hiyo na kuifikisha sokoni. Lakini mabati ya viwandani ni ya bei na yanahitaji mitambo yake. Aliyeileta mbinu hii mpaka kwenye meza ya msanii wa kawaida ni Nik Semenoff wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, mjini Saskatoon, hapahapa nyandani, karibu na mwaka 1990. Alionyesha kwamba huhitaji bati la kiwanda. Unahitaji bati la alumini lililokwaruzwa, na silikoni ileile ambayo fundi anazibia pembeni mwa sinki.

Kazi inakwenda hivi. Unachukua bati jembamba la alumini. Sisi tulitumia mabati makuukuu ya ofseti, tukayageuza upande wa nyuma na kuyasugua kwa msasa wa maji mpaka yakawa na ukwaruzo mdogo unaoshika kalamu. Unachora kwa kitu chochote kisicho na mafuta: penseli za rangi zinazoyeyuka kwa maji, wino uliochanganywa na gundi ya mgunga, au tona, yaani ule unga mweusi wa mashine ya fotokopi, uliokorogwa na maji na tone la sabuni ya vyombo. Tona unaipasha moto kidogo ili ishike. Halafu unachukua silikoni, unaichanganya na thina isiyo na harufu mpaka iwe nyepesi kama uji wa mgonjwa, unaimwaga juu ya mchoro wako wote, na kuifuta kwa pamba mpaka ibaki ngozi nyembamba isiyoonekana. Unaiacha ikauke. Ikikauka, unauosha mchoro: kwa maji kama ulichora kwa penseli, kwa asetoni kama ulichora kwa tona. Mchoro unatoka, na silikoni iliyokaa juu yake inatoka nao. Pale palipokuwa na mstari sasa pana alumini tupu. Pale palipokuwa patupu pana silikoni. Ukipitisha rola ya wino, silikoni inaukataa na alumini inaupokea.

Tuliposikia haya mara ya kwanza tulicheka. Litografia maana yake ni maandishi ya jiwe. Jiwe limeondolewa, na maji, ambayo ndiyo yalikuwa roho ya kazi ya Senefelder, nayo yameondolewa. Ni kama kumwalika mtu pilau isiyo na mchele wala bizari. Lakini mhakiki hapaswi kusimama kwenye jina. Anapaswa kutazama chakula.

Na ukitazama vizuri, jina lenyewe linasema uongo kidogo. Maji yapo. Penseli inayeyushwa kwa maji. Silikoni ya kuzibia haikauki kwa kupoteza maji kama rangi ya ukuta. Inakauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na ile harufu ya siki inayowasha pua ni asidi inayotoka wakati huo. Hapa kwetu, mwezi wa Januari, hewa ya ndani ni kavu hata midomo inapasuka, na mabati yetu yalichelewa kukauka mpaka mwalimu alipoweka sufuria ya maji juu ya jiko la umeme chumbani. Hata mitambo mikubwa ya viwandani inayojivunia kutotumia maji, mingi yake inapitisha maji baridi ndani ya rola ili wino usipate joto. Maji yametolewa mbele ya pazia yakaingizwa nyuma. Hilo si kosa la mbinu, ila ni vyema mwanafunzi alijue tangu siku ya kwanza, maana matatizo yake yote yatatokea hapo.

Tatizo kubwa ni joto. Katika litografia ya zamani, maji ndiyo mlinzi. Wino ukianza kuchafua mahali peupe, unapitisha sifongo na mambo yanatengenea. Katika hii mpya mlinzi ni ugumu wa wino wenyewe. Wino lazima ujipende kuliko unavyoipenda silikoni. Ukiwa mzito na baridi, unajishika na kuliacha bati safi. Ukipata joto unalegea, na ukilegea unaacha utando wa kijivu kila mahali, kama vumbi juu ya kioo. Tulijifunza kuukaza wino kwa unga wa kaboneti ya magnesiamu. Tulijifunza kwamba rola ikienda polepole inaacha wino na ikienda kasi inauokota. Tulijifunza kufungua dirisha, hali nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, ili bati lipoe. Watangazaji wa mbinu hii hupenda kusema ni rahisi, mtu yeyote ataiweza kwa siku moja. Kuna ukweli. Huna haja ya jiwe linalobebwa na watu wawili, wala asidi ya naitriki, wala mashine maalumu ya litografia, maana mashine ya kuchapia michoro ya asidi inatosha. Lakini urahisi huo uko katika kuandaa tu. Katika kuchapa, mbinu hii ina hasira za karibu, na haina subira ya jiwe.

La pili tunalolilalamikia ni neno "salama". Ni kweli asidi haipo. Lakini thina ipo, asetoni ipo, na unga wa tona si kitu cha kuvuta puani. Asetoni inashika moto kwa cheche ndogo. Aliyezoea kufanya kazi kibarazani kwao Tanga, upepo ukipita, hatapata shida. Sisi tuliojifungia na madirisha ya vioo viwili tulirudi nyumbani vichwa vikiuma siku mbili za mwanzo, mpaka tulipodai feni ya kutoa hewa. Tunasema haya bila kumlaumu yeyote, ila mwenye kufundisha awaambie watu mapema.

Tuje sasa kwenye kazi zenyewe, maana mbinu isiyozaa kitu ni maneno matupu. Mwishoni mwa darasa palikuwa na maonyesho madogo ukumbini, na sisi wanne tulitundika chapa tatu tulizoziona zinafaa. Tutazihakiki bila upendeleo, ingawa wenyewe tunakula nao sahani moja.

Ya kwanza ni mlango wa Unguja. Umechorwa kwa penseli ya maji, na misumari yake ya shaba imepangwa sawasawa, na minyororo na maua ya nakshi yote yamo. Chapa hii ilisifiwa kuliko zote. Kila mgeni aliyepita alisimama. Na sisi tunasema ndiyo dhaifu kuliko zote. Mchoraji ni hodari, hilo halina ubishi, lakini amechora mlango ambao sote tumekwisha kuuona kwenye kadi za posta, tena amelazimisha bati liige jiwe. Alitaka ule weusi laini wa kalamu ya mafuta unaopungua kidogo kidogo mpaka kwenye weupe. Penseli ya maji juu ya alumini haitoi hivyo. Inatoa vitone, na kila kitone ama kimo ama hakimo. Katika jiwe, mchapaji mzoefu anaweza kubembeleza kijivu kilichofifia kikarudi. Hapa kijivu kilichopotea wakati wa kuosha kimepotea. Kwa hiyo kivuli cha mlango kimekatika ghafla, na mlango unaonekana umebandikwa juu ya ukuta. Na mlango wa namna hiyo, uliofungwa, usio na mtu anayeingia wala kutoka, umekuwa nembo yetu ughaibuni kwa sababu hautuombi chochote. Tunautundika sebuleni na hatuulizi nani anaishi ndani.

Ya pili ni bahari, au pengine ni theluji; mchoraji hakutaka kusema. Ameimwaga tona iliyokorogwa juu ya bati na kuiacha ikauke yenyewe. Maji yanapopungua, unga unajikusanya kwenye kingo na kuacha mishipa na madoa kama mchanga baada ya maji kupwa. Huu ndio uzuri wa pekee wa mbinu hii, na hakuna aliyeuona asiuguse kwa kidole. Katika jiwe, wino wa kumwaga ni kazi ya kutia hofu, maana gundi na asidi vikizidi kidogo kijivu chote kinaungua. Hapa mmwagiko unafika kwenye karatasi karibu kama ulivyokauka. Sifa hiyo tunaitoa wazi. Lakini tunaongeza neno. Tona ya kila mtu ikikauka inafanya mishipa ileile. Wanafunzi watano katika darasa walifanya mmwagiko, na ukiziweka kazi zao pamoja, bahari zote tano ni bahari moja. Bati limechora, mtu ametia sahihi. Chapa ya mwenzetu inajinasua kwa jambo moja tu: alichukua sindano, akakwaruza silikoni katika sehemu moja chini ya mstari wa upeo, na mkwaruzo ule ukapokea wino ukawa mstari mwembamba mweusi. Unaweza kuwa tanga, unaweza kuwa nguzo ya uzio shambani. Ni mahali pekee katika picha ambapo mtu ameamua jambo, na jicho linakwenda hapo na kukaa.

Ya tatu ni barua.

Mmoja wetu ni bibi mzaliwa wa Lamu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Alikuja darasani na fotokopi ya barua aliyoandikiwa na baba yake zamani, kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, ukurasa mmoja, mistari imebanana hata pembezoni. Barua ya asili alikuwa ameiacha nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, na alifanya vyema. Fotokopi inafaa sana kwa mbinu hii, kwa kuwa maandishi yake tayari ni tona. Unailaza kifudifudi juu ya bati, unailowesha mgongoni kwa asetoni, unaipitisha kwenye mashine, na tona inahamia kwenye alumini. Kwa kuwa imelala kifudifudi, maandishi kwenye bati yako kinyume, na yakichapwa yanarudi sawa. Halafu silikoni, halafu kuosha, halafu wino.

Chapa ya kwanza ilipotoka, mwalimu alipiga makofi. Na kweli ilikuwa nzuri kuitazama: mkono wa mzee yule, na mikia ya herufi zake, weusi juu ya karatasi nene ya pamba. Bi Mkubwa akavaa miwani akaanza kusoma kimoyomoyo kwa kidole. Alipofika mstari wa tisa akasimama.

"Nukta hini si ya baba," akasema.

Vumbi lilikuwa limeingia kwenye silikoni kabla haijakauka na kuacha tundu dogo kama ncha ya pini. Tundu lile lilipokea wino. Likawa nukta, na nukta ile ilikaa juu ya herufi aini. Msomaji aliyesoma chuoni anajua kilichotokea. Aini yenye nukta ni ghaini. Baba alikuwa ameandika "nisalimie Ali". Chapa ilisema "nisalimie ghali".

Mwalimu, ambaye kwa kila upande ni mtu mwema, alisema nukta kama hizo ndizo haiba ya mbinu, alama ya bahati, aiache. Mdogo wetu kuliko wote akasema maneno ambayo sisi wengine tuliyafikiri bila kuyasema: "Bi Mkubwa, watoto wenyewe hawajui kusoma hati hizi. Nani ataona?"

Bi Mkubwa akamtazama. "Ali ni nduyangu," akasema. Basi.

Alifunga kazi ya siku ile. Jumamosi iliyofuata alikuja na kioo cha mkononi. Aliliweka bati mezani akalisoma lote kinyume, herufi za Kiarabu zikienda kutoka kushoto kwenda kulia kama Kiingereza, akilinganisha na fotokopi nyingine. Alikuta nukta tatu zisizo za baba, na nukta nne za baba ambazo zilikuwa zimepotea. Mojawapo ya zilizopotea ilikuwa katika neno "ghali" la kweli, pale mzee alipolalamikia bei ya mchele, ambalo sasa lilisomeka "Ali". Zile tatu alizifunika kwa tone la silikoni kwenye ncha ya pini, moja moja, akangoja zikauke. Zile nne alizitoboa kwa sindano. Madoa yaliyokuwa pembezoni, nje ya maandishi, hakuyagusa. Kazi hiyo ilimchukua muda wote wa darasa, na chapa alizotoa baada yake zilikuwa sita tu.

Hapa ndipo uhakiki wetu unapotaka kusimama. Kwa wiki kadhaa tulikuwa tukiipima mbinu hii kwa vipimo vya wachoraji: ina vijivu vingapi, inaiga jiwe kiasi gani, mmwagiko wake ukoje. Kwa vipimo hivyo inapata alama za kati. Lakini ile Jumamosi tuligundua kwamba ina kipimo kingine. Ni mbinu ambayo kosa dogo linaweza kurekebishwa na mtu mwenye pini, mradi anajua kusoma anachokichapa. Tone moja linafuta, tundu moja linaandika. Mchoraji wa mlango hakuweza kurudisha kivuli chake. Katibu aliweza kurudisha nukta zake zote saba. Tunasema, basi, kwamba litografia isiyo na maji ni mbinu ya katibu kabla ya kuwa mbinu ya mchoraji, na kwa hilo inarudi karibu sana na sababu iliyofanya jiwe lipendwe Bombay na Lakhnau, ingawa jiwe lenyewe halimo.

Na inafuata kwamba hatukubaliani na neno "haiba". Kuna haiba ya bahati pale ambapo hakuna maana ya kuharibiwa. Katika bahari ya tona, doa ni wimbi jingine. Katika barua, doa ni uongo. Asiyejua kusoma hati anaona yote mawili ni sawa, kwa sababu kwake barua nayo ni mawimbi. Hatumlaumu mwalimu, hakuwa na njia ya kujua. Lawama ni yetu. Sisi wenyewe, tuliozaliwa tukiisikia lugha hiyo, tulikuwa tayari kuiacha nukta kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuifanya barua kuwa pambo. Tuliuona mkono mzuri tukasahau kwamba mkono ulikuwa unasema jambo, unamsalimu mtu, unalalamikia mchele. Tazameni kumbi zetu za harusi huku ughaibuni, na kalenda zetu, na fulana za sikukuu: hati za Kiarabu na methali za kanga zimetapakaa kama nakshi, na mara ngapi kuna mtu anayezisoma?

Ugomvi tuliosema mwanzoni ni huu. Siku ya maonyesho, wawili kati yetu walitaka barua itundikwe pamoja na nakala yake kwa herufi za Kilatini, ili wageni wetu na watoto wetu waelewe. Wawili walikataa. Hoja ya wa kwanza ni nzito: chapa isiyosomwa na yeyote ukumbini, hata nukta zake zikiwa sahihi, ina tofauti gani na pambo? Usahihi usio na msomaji ni wa nini? Hoja ya wa pili nayo ni nzito: barua ya baba kwa binti yake si tangazo la ukutani, na mwenye kuitaka aje aulize. Bi Mkubwa alikuwa upande wa pili, na barua ni yake, kwa hiyo ilitundikwa peke yake. Wageni wengi waliipita wakaenda kwenye mlango.

Sisi tulioandika makala haya bado tumegawanyika, lakini tumekubaliana juu ya jambo moja. Nakala ya Kilatini haikupaswa kuwa ukutani. Ilipaswa kuwa mikononi mwa wajukuu, na chapa ile ya kwanza yenye kosa iwe pembeni yake. Maana chapa yenye kosa ni somo zuri kuliko sita zilizo sahihi. Mpe mtoto wa miaka kumi zote mbili na umwambie atafute mahali ambapo babu hakuandika hivyo. Akiipata nukta, atakuwa amejifunza aini na ghaini kwa siku moja, na atajua kwamba kuna mtu aliyeitwa Ali.

Neno la mwisho ni kwa walio nyumbani na kwa wanaorudi. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilionyesha kwamba vijana wetu wanaweza kuchapa picha za mabati ya asidi za kupendeza walimwengu. Je, mbinu hii inaweza kufuata njia hiyo? Vifaa si tatizo. Silikoni ya mafundi ipo katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na mabati yaliyokwisha kutumika hutupwa na wachapaji wa ofseti. Unyevu wa pwani utaikausha silikoni upesi kuliko hapa kwetu, bila sufuria jikoni. Adui atakuwa joto. Mwenye kujaribu Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari ajue kwamba wino utamlegea mkononi, na achape alfajiri, au aukaze wino sana, au aliweke bati juu ya sinia la barafu. Mbinu hii ilizaliwa katika nchi ya baridi na inaikumbuka nchi yake, kama sisi tunavyoikumbuka yetu.

Hukumu yetu, kwa ufupi: kwa anayetaka kuiga jiwe, hapana. Kwa anayetaka mmwagiko, ndiyo, lakini achukue sindano na kuamua jambo. Kwa mwenye barua ya mzee wake kabatini, ndiyo kabisa, na aanze kwa kuitolea fotokopi leo kabla wino haujafifia zaidi, asije na ile ya asili mbele ya asetoni. Na kabla ya kuichapa, aisome yote, au amtafute atakayemsomea, maana wasomaji hao wanapungua kila mwaka na simu zao tunazo.

Wenye maoni tofauti, hasa juu ya ile nakala ya ukutani, watuandikie. Nafasi ipo katika toleo lijalo, inshallah.